Esansi au Mazutu? Historia Fupi ya Gari la Dizeli, Kutoka Paris hadi Dzaleka



Wiki chache zilizopita, mwishoni mwa darasa la jioni, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, siku Mungu akinijalia kununua gari, nichukue la esansi au la mazutu?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwulizaji ni kijana wa Dzaleka, hapa wilayani Dowa, na kwa sasa hana hata baiskeli. Mimi sikucheka. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani mwenyewe, na jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Somo la leo ni jibu refu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine. Wazazi wa kijana huyu wametoka Uvira, na kwa Waswahili wa Kongo mafuta ya gari ni esansi na mazutu. Maneno yote mawili yametufikia kwa njia ya Kifaransa, ila mazutu limetoka mbali zaidi, kwa Warusi, ambao waliita hivyo masalia mazito yanayobaki mafuta ghafi yakishachemshwa. Ukivuka Ziwa Tanganyika ukafika Kigoma, utasikia petroli na dizeli. Wenyeji wetu Wachewa husema petulo na dizilo. Katika soko la Dzaleka maneno haya yote hukutana kila siku, wala hakuna lililo kosa. Nitatumia petroli na dizeli kwa sababu ndiyo yaliyozoeleka vitabuni, lakini ukienda kwa fundi wa Kikongo, mwambie mazutu. Atajua umefundishwa vizuri.

Dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, mtoto wa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia ziliingia vitani, na Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris wakalazimika kuondoka. Familia ya Diesel ikakimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu, na Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alitumwa kwa jamaa zake mjini Augsburg, Ujerumani, ili apate shule. Naomba usizisome sentensi hizo kwa haraka. Mtu ambaye jina lake limeandikwa katika kila kituo cha mafuta, kuanzia Karonga hadi Nsanje, alikuwa mtoto wa familia iliyofukuzwa na vita.

Alipokuwa mhandisi, Diesel alichukizwa na upotevu. Injini za mvuke za zama zake zilikuwa zikitupa takriban asilimia 90 ya nguvu ya makaa ya mawe hewani. Naye akawaza hivi: hewa ikigandamizwa hupata joto. (Jaza upepo tairi la baiskeli, kisha shika pampu kwa chini, utaelewa bila kufundishwa.) Injini ya petroli huhitaji cheche ya plagi ili mafuta yawake. Katika injini ya Diesel, hewa hugandamizwa hadi ujazo wake upungue mara 16, mara 20 au zaidi, joto lake likapita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Hapana plagi ya cheche. Hataza aliipata mwaka 1893. Jaribio la kwanza mwaka huo huo liliishia katika mlipuko mdogo uliokaribia kumdhuru. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake iligeuza zaidi kidogo ya asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Kutokana na kanuni hiyo moja, msomaji, unaweza kubashiri sifa zote za gari la dizeli, njema na mbaya. Mgandamizo mkubwa unadai chuma kinene, kwa hiyo injini ni nzito na ghali kuitengeneza. Mlipuko wake ni mkali, kwa hiyo inanguruma na kutikisika. Pampu inayonyunyizia mafuta lazima iwe sahihi mno, kwa hiyo uchafu kidogo huiharibu. Na kwa kuwa haipotezi nguvu nyingi, hainywi sana. Mengine yote ni nyongeza tu.

Jambo moja katika maisha ya Diesel linatuhusu sisi tunaoishi katika nyanda hizi za Dowa na Lilongwe, ambako karanga hulimwa karibu kila mahali na unga wake, nsinjiro, hutiwa katika mboga. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika yaliyokuwa na karanga nyingi bila makaa ya mawe wala mafuta ya ardhini. Injini ilifanya kazi vizuri hata watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Baadaye mafuta ya ardhini yakawa rahisi, na karanga zikarudi jikoni. Diesel mwenyewe alitoweka usiku mmoja wa Septemba 1913, akiwa ndani ya meli iliyokuwa ikivuka bahari kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Aliishi bila kuona gari dogo la abiria likitumia injini yake.

Gari hilo lilikuja mwaka 1936, pale kampuni ya Mercedes-Benz ilipoonyesha mjini Berlin gari lililoitwa 260 D. Lilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 45, na halikuweza kufika kilomita 100 kwa saa. Kwa nini basi lilinunuliwa? Kwa sababu lilikunywa lita 9 hivi kwa kilomita 100, wakati gari la petroli la ukubwa huo lilikunywa lita 13, na dizeli ya Ujerumani wakati ule iliuzwa kwa nusu hivi ya bei ya petroli. Sasa fikiri, ni nani aliyelikimbilia. Hakuwa tajiri anayetaka kwenda mbio, wala familia inayotoka Jumapili moja moja. Walikuwa madereva wa teksi. Mtu anayekaa barabarani kutwa nzima ndiye anayeweza kununua injini ya bei kubwa na kurudishiwa fedha yake na kilomita.

Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo ufunguo wa historia yote inayofuata. Gari la dizeli lilizaliwa likiwa chombo cha mtu wa safari nyingi. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na baadaye kuuzwa pia kwa injini ya dizeli, ilijipatia heshima katika Afrika kwa kazi hiyo hiyo: kubeba watu na mizigo yao kutoka mji hadi mji. Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile unazoziona zikiingia na kutoka Dzaleka, nyingi zimefungwa injini ya dizeli. Iliyo mashuhuri kuliko zote, ile wanayoiita 1HZ, ilianza mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, bila tabo na bila kompyuta ya kumsumbua fundi. Haina mbio. Lakini umbali ndio chakula chake.

Baada ya kuijua injini, tuiangalie nchi inamopita. Malawi haina bahari wala kisima cha mafuta. Mafuta mengi huletwa kutoka Dar es Salaam, Beira au Nacala. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilikata reli za Beira na Nacala, na bidhaa za Malawi zikalazimika kuzunguka mbali, hadi Durban, au kupanda kaskazini kupitia Tanzania. Hata kabla ya reli hizo kufa kabisa, Malawi ilikuwa imeanza, mwaka 1982, kuchanganya petroli na ethanoli inayotengenezwa Dwangwa, wilayani Nkhotakota, kwa molasi ya viwanda vya sukari. Kwa hiyo petroli unayotia Lilongwe ina asili ya miwa kidogo, dizeli haina. Ni jambo la ajabu kwamba injini iliyowahi kuendeshwa kwa karanga ndiyo inayotegemea ng'ambo kabisa, katika nchi ya karanga.

Malori yanayoleta mafuta hayo nayo hutumia dizeli, kama yale yanayoleta mbolea na kuondoa tumbaku. Ndiyo maana bei ya dizeli humgusa hata bibi anayeuza usipa sokoni na ambaye hajawahi kushika usukani. Mafuta yalipoadimika mwaka 2011, foleni za vituoni zilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowatoa watu barabarani tarehe 20 Julai, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha katika ghasia za siku zile. Mwananchi anayesoma tangazo la bei la MERA, mamlaka ya kudhibiti nishati, anasoma habari za siasa, hata kama ameandikiwa kwa tarakimu tu.

Na tarakimu zimebadilika kwa namna ambayo Wajerumani wa mwaka 1936 wangeishangaa. Novemba 2023, baada ya kwacha kushushwa thamani kwa asilimia 44, lita ya petroli ilipandishwa hadi K2,530 na ya dizeli hadi K2,734. Umeona? Dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli. Faida ya bei aliyokuwa nayo dereva wa teksi wa Berlin haikuwapo. Iliyobaki ni faida ya unywaji peke yake.

Tupige hesabu, basi. Ni hesabu ya darasani, nawe unaweza kubadilisha namba upendavyo. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe tuseme ni kilomita 45. Kwenda na kurudi ni 90. Tuchukue gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, na la dizeli linalokwenda kilomita 16. La petroli litatumia lita 7.5, yaani K18,975 kwa bei zile za 2023. La dizeli litatumia lita 5.6 na ushei, yaani K15,379. Tofauti ni K3,596 kwa safari moja. Mfanyabiashara anayekwenda Lilongwe siku 26 kwa mwezi ataokoa zaidi ya K93,000. Anayekwenda mara mbili kwa mwezi ataokoa K7,192, na fedha hiyo haitamlipa fundi wa pampu hata robo ya siku.

Nataka kukaa kidogo kwa fundi huyo wa pampu, kwani wauzaji wa magari hawamtaji. Gari la petroli likikataa kuwaka, kijana yeyote mwenye spana chini ya mwembe anaweza kufungua plagi, akazisafisha, akakurudisha barabarani. Dizeli ya zamani nayo ina wema wake: haina plagi za cheche, haina mambo mengi ya umeme, na ikishawaka hudumu. Lakini pampu na nozeli zake zikichoka huhitaji mashine maalumu ya kupimia, na mashine hiyo haipo chini ya mwembe. Utaifuata mjini. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dowa inapouma, utajua pia kama plagi za kupasha moto zimekufa: injini itakohoa, itatoa moshi mweupe, na majirani watakuja kukusukuma. Nimewahi kusukuma gari la namna hiyo. Sijui kama lina uzito wa tani ngapi, ila najua lilivyo mgongoni.

Utauliza: je, dizeli za kisasa si tofauti? Ni tofauti sana, na hapa lazima tufike Japani, kwa sababu magari mengi tunayoyaona Lilongwe yalianza maisha huko, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapita Mbeya, yakavuka mto Songwe na kuteremka kwa barabara ya M1. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli, akiwaonyesha waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikaanza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza masharti ya moshi. Wajapani wa kawaida walikuwa tayari wameacha kununua magari madogo ya dizeli. Uamuzi wa gavana wa mbali ukafika hadi kwenye soko letu: anayetafuta gari dogo lililotumika Japani katika miaka ile hukuta petroli tupu, na dizeli anayoipata mara nyingi ni ya miaka ya 1990.

Baadaye Mazda ilijaribu kuirudisha dizeli safi, kwa CX-5 ya mwaka 2012 na Demio ya mwaka 2014. Ulaya nayo ilikuwa imeipenda dizeli kwa miaka mingi, hadi Septemba 2015 ilipofichuka nchini Marekani kwamba Volkswagen ilitia katika magari yake programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Lakini linalotuhusu zaidi ni chujio la masizi. Dizeli za kisasa hukusanya masizi katika chujio lililo kwenye bomba la moshi, na ili chujio lijisafishe lazima masizi yaungue kwa joto kali. Joto hilo hupatikana gari likienda mwendo mzuri kwa muda kwenye barabara iliyo wazi. Gari linalozunguka kilomita mbili mbili, dukani, shuleni, kanisani, na kuzimwa, huziba chujio lake. Dizeli yenye salfa nyingi huongeza taabu. Kwa maneno mengine, dizeli ya zamani ilipenda safari ndefu. Ya kisasa huugua isipozipata.

Neno dogo la usalama kabla sijaendelea, kwa kuwa mafuta yakiadimika watu huyaweka ndani kwa magaloni. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi. Dizeli haifanyi hivyo mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi. Waliokufa Morogoro mwezi Agosti 2019, karibu na lori la mafuta lililopinduka, walikuwa wakichota petroli. Usilale chumba kimoja na galoni, la petroli hasa, lakini hata la dizeli.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Nimekuonyesha kwamba tangu mwaka 1936 hadi leo swali la kwanza kwa mnunuzi wa dizeli ni moja: utakwenda umbali gani, na mara ngapi? Mtu wa Lilongwe anaweza kulijibu kwa kuangalia kazi yake. Mtu wa Dzaleka lazima aangalie na sheria.

Dzaleka ilikuwa gereza katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, na wafungwa wa kisiasa waliwekwa humo. Jina lenyewe, kwa Kichewa, linabeba maneno ya mtu aliyeadhibiwa: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa katika uchaguzi, mahali hapa palifunguliwa kuwa kambi ya watu waliokimbia Burundi, Rwanda na Kongo. Palikusudiwa watu 10,000 na wachache zaidi. Leo pana zaidi ya 50,000.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987, lakini iliweka masharti yake. Mawili yanahusu somo hili moja kwa moja. Kifungu cha 13 cha mkataba kinazungumzia haki ya mkimbizi juu ya mali, ile inayohamishika na isiyohamishika, na gari, kama ujuavyo, ni mali inayohamishika kuliko zote. Malawi ilisema inakichukua kifungu hicho kama pendekezo tu, si wajibu. Kifungu cha 26 kinahusu uhuru wa kwenda na kuja. Hapo Malawi ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa na kuzuia mwendo wao usalama wa taifa au utulivu wa umma ukidai hivyo.

Kwa miaka mingi masharti hayo yalilala. Watu wa Dzaleka walifungua maduka Lilongwe na vijijini, na wenye magari walipeleka bidhaa na kurudi. Machi 2023 serikali ikaagiza kwamba wote wanaoishi nje ya kambi warudi kabla ya tarehe 15 Aprili, ikitaja usalama wa taifa. Mwezi Mei msako ukaanza mjini. Sitaki kukueleza leo upande upi una haki. Sheria hiyo inastahili somo lake, na wenyeji wenye maduka madogo nao wana malalamiko yao ambayo ni haki tuyasikie. Nataka tu uone kilichotokea katika hesabu yetu. Mfanyabiashara wa safari 26 aliamka akiwa mtu wa safari mbili, au wa safari sifuri. Injini haikubadilika hata nati moja. Gari lililokuwa likimwokolea K93,000 likageuka chuma kizito kilichoegeshwa kando ya nyumba, kikisubiri fundi wa pampu aliyeko mji ambao mwenyewe haruhusiwi kukaa.

Ndiyo maana kwa mtu anayeishi Dzaleka leo, na anayetaka gari la matumizi ya kila siku, mimi ningemshauri achukue dogo la petroli, rahisi kutengenezwa, rahisi kuuzwa haraka. Na kwa dereva wa kubeba abiria kati ya Dowa na Lilongwe mwenye vibali vyake mkononi, ningesema dizeli, ya zamani isiyo na chujio, na aiheshimu pampu yake. Wapo watakaonipinga, fundi mmoja rafiki yangu ameshanipinga.

Niliporudi darasani na hesabu hii nikamwuliza yule kijana: "Haya, mwanangu, wewe utakwenda Lilongwe mara ngapi kwa mwezi?" Akainama kidogo juu ya daftari lake, kisha akasema, "Hiyo namba, mwalimu, sijapewa bado." Safari hii hakuna aliyecheka.

Zoezi la wiki hii: mtafute dereva mmoja aliyejifunza kazi Kongo au Burundi, na mwingine aliyejifunza Tanzania au Malawi. Andika majina wanayotumia kuita pampu, nozeli, plagi, tairi na breki. Leta orodha yako darasani Jumanne.